Kwa Mama Lucky Kunanuka

Mwenyekiti wa mtaa alinikuta nimeinama shambani, mundu mkononi, akaniambia ning'oe mchaichai wangu wote. Hakusema kwa ukali. Raphaeli si mtu wa ukali, ni mtu wa amani ya mtaa, na kwa watu wa aina yake amani hupatikana pale mmoja anapokubali kunyamaza. Sijui nani alimwambia kwamba huyo mmoja ni mimi.

“Mama Lucky,” alisema, amesimama nje ya mpaka asikanyage kitu, “kuna malalamiko. Mzee Yesaya amekuja ofisini.”

“Analalamika nini?”

“Harufu. Na nyuki.” Akajikuna kidevu. “Hasa nyuki.”

Niliendelea kukata. Nilimwambia kama Mzee Yesaya ana neno na mimi, aje mwenyewe, kwake na kwangu tunatenganishwa na ua wa michongoma tu, hata akikohoa namsikia. Raphaeli akasema neno limeshakuwa la mtaa, Jumatano kuna mkutano, na ingependeza kama kufikia Jumatano shamba lingekuwa safi. Ndivyo alivyosema: safi. Kana kwamba nimelima uchafu.

“Jumatano nitakuja,” nilimjibu. “Na shamba utalikuta hivi hivi.”

Alikaa kidogo kama mtu anayengoja nibadilishe, kisha akaenda zake.

Sasa shamba lenyewe si shamba la kutisha. Ni kipande nyuma ya nyumba, huku kwetu panapoitwa Mpemba, na ni cha mama mkwe wangu, Mama Fides, aliyenipa nilitumie baada ya mahindi kunichosha. Mbele ya nyumba ni barabara kuu. Foleni ya malori ya kwenda mpakani Tunduma ikirefuka, inatufikia na kutupita, na madereva wanaishi humo barabarani kama wamehamia. Wanapika, wanafua, wanajisaidia wanapojua wao, na asubuhi mitaroni kuna chupa za plastiki zenye vitu ambavyo sitavitaja. Ongeza dizeli, ongeza breki zilizoungua. Mume wangu Kasiani anaziba pancha na kubadilisha tairi pale pale mbele, kwa hiyo foleni ndiyo ugali wetu na siwezi kuitukana sana. Lakini nauliza tu: kuna siku mtaa huu uliitisha mkutano kwa sababu ya harufu ya foleni? Hakuna. Mkutano umeitishwa kwa sababu ya majani.

Majani hayo nilianza kuyapanda baada ya semina Vwawa, ya wanawake wajasiriamali. Nilikwenda kwa ajili ya chakula cha mchana, sitaki kujisifu. Lakini mwalimu mmoja wa pale, kijana mwenye sauti ya kukwaruza, alishika jani la mrehani akasema: “Mmea hauna miguu. Mbuzi akija, hauwezi kukimbia. Funza akija, hauwezi kumpiga kofi. Basi unafanya nini? Unapika.”

Nikaacha kuangalia saa.

Alieleza kwamba mmea unachukua hewa na maji, jua linawasha moto, unatengeneza sukari yake ya kuishi. Halafu sehemu ya ile sukari, badala ya kuila au kunenepa nayo, unaipika tena na tena mpaka inakuwa mafuta makali, na mafuta hayo ndiyo harufu. Mrehani unayaweka juu ya jani, kwenye vifuko vidogo sana, ndiyo maana ukiupitia tu kwa gauni unakusalimia. Mchaichai hauna tabia hiyo. Wenyewe unayaficha ndani ya nyama ya jani, kila tone kwenye kijumba chake, na ukiupita ni nyasi tu kama nyasi nyingine. Mpaka uukunje. Mpaka uukate, uutafune, uukanyage. Hapo vijumba vinapasuka, na aliyeuma anajuta.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimeolewa huku ugenini miaka mingi, nimeambiwa na kila mtu nijikaze kisabuni, nivumilie, nisijibu. Nilimsikiliza yule kijana nikahisi kwamba ananisema mimi. Nilirudi nyumbani na vishina vichache vya mchaichai kwenye mfuko wa rambo, nikamwomba Mama Fides kiwanja.

Mtambo nilitengenezewa na fundi wa Tunduma: pipa, kifuniko kinachobana, bomba jembamba la shaba linalopita kwenye ndoo ya maji baridi. Unaweka majani juu, maji chini, unawasha kuni. Mvuke unapanda katikati ya majani, unavunja vile vijumba, unabeba mafuta, na ukifika kwenye bomba la baridi unageuka maji tena. Yanadondoka kwenye chupa, mafuta yanaelea juu, ya njano, membamba. Violet, mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anayetengeneza sabuni, alipoyanusa mara ya kwanza alisema, “Bamayo!” kama anayemwita mama yake, halafu akafumba macho. Tangu siku hiyo ndiye mteja wangu.

Ni kweli, mtambo unafanana na wa gongo. Askari walishakuja. Mmoja, kwa ajili ya uchunguzi, alionja tone. Alikohoa mpaka akakaa chini, akaondoka akinukia vizuri kuliko alivyokuja, na hawakurudi tena.

Kwa hiyo harufu yenyewe tuliishi nayo, mtaa mzima, bila neno. Neno limeletwa na nyuki.

Mzee Yesaya ana mizinga upande wa pili wa ua, ameitundika kwenye miti yake, na ni mfugaji kweli, hilo simnyimi. Mchana mmoja, joto la kabla ya mvua, kundi zima lilitoka kwenye mzinga wake mmoja. Lilizunguka juu likilia, likatua kwenye mparachichi, na kabla hajamaliza kuwasha moshi likahama tena, likavuka ua, likaingia kwenye pipa langu la zamani. Pipa hilo nilikuwa nimelilaza pembeni ya shamba baada ya kutoboka, na ndani bado lilikuwa na masalia ya upishi wa mwisho. Waliingia kama watu wanaorudi kwao.

Mzee Yesaya alikuja mbio na moshi wake na mzinga mtupu. Alijaribu mpaka jua likapoa. Hawakutaka. Mwisho alinigeukia, jasho linamtoka, akasema, “Umewaita.”

“Sijawaita, Baba Kefa.”

“Umewaita kwa dawa.”

Hapo nilikuwa nasema kweli, sikujua. Nilimpigia simu yule mwalimu wa semina, akacheka sana. Akaniambia nyuki wakipata nyumba mpya, wachache wanasimama mlangoni, wanainua makalio, wanapiga mabawa, wanatoa harufu ya kuwaambia wenzao njooni, ni hapa. Na harufu ile na ya mchaichai ni karibu kitu kimoja. Kwa hiyo niliwaita, bila kufungua mdomo. Nilimweleza Mzee Yesaya juu ya ua siku iliyofuata, kwa adabu zote. Akanijibu kwamba nyuki alianza kuwajua mimi sijaolewa, na hawezi kufundishwa na mtu anayechemsha majani.

Ndipo akaenda ofisini.

Kasiani hakunisaidia. Jioni ile baada ya Raphaeli kuja, alinawa grisi mikononi taratibu mno, nikajua ana la kusema.

“Mama Lucky, kwani ukipunguza? Toa mistari ya upande wake tu. Tunaishi na watu.”

“Nikitoa ya upande wake, kesho atasema ya katikati.”

“Mimi nafanya kazi na watu hawa. Kefa ananiletea wateja.”

“Basi kamwambie Kefa mkeo ni mchawi, uone atakuletea wangapi.” Aliniangalia, akarudi kwenye grisi yake. Nilijua nimemwonea kidogo, lakini sikuwa na nafasi ya kuwa mwema kwa kila mtu wiki ile.

Jumatano tulikaa kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, wanawake upande huu, wanaume upande ule, viti vya plastiki kwa wazee na mawe kwa sisi wengine. Mzee Yesaya alisema vizuri. Alisema mambo ya harufu, watoto kupiga chafya, mvuke kuingia ndani mpaka kwenye chakula. Kisha akafika kwenye nyuki, na hapo sauti ikashuka. Hakutamka uchawi. Alisema tu kwamba kuna dawa ambayo inaweza kuhamisha mali ya mtu kutoka kwake ikaenda kwa mwenzake bila mkono wa mtu, na leo ni nyuki, na kesho sijui ni nini. Akakaa. Watu wakaguna. Niliona wanawake wawili wakisogeza watoto wao karibu, nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto.

Raphaeli akasema, “Kiwanja ni cha Mama Kasiani. Tumsikie mwenyewe.”

Mama Fides akasimama. Hapa lazima niseme kitu juu ya Kiswahili cha mama mkwe wangu. Lugha yake ni Kinamwanga, na kwa Kinamwanga anaongea mpaka watu wanaacha kazi. Kiswahili amekiokota ukubwani, sokoni, kwa wateja, na njiani vipande vingine vimedondoka. Kimoja kilichodondoka ni kunukia. Hana. Kwake kitu kikitoa harufu kinanuka, basi, iwe ua la altareni au soksi ya Kasiani. Siku Lucky alipobatizwa, alimbeba, akazika pua shingoni kwake, akatangaza mbele ya kanisa zima, “Mtoto ananuka!” Mke wa katekista alikuja mbio na nepi.

Sisi wa nyumbani tulishazoea. Sikuwa hata nimekumbuka kuogopa.

“Mimi ndiye mwenye kiwanja,” alisema Mama Fides, amejifunga kitenge chake cha Jumapili, mikono mbele. “Nakaa pale. Nyie mnakaa mbali, mimi nakaa pale. Kwa mkwe wangu kunanuka.”

Watu wakatazamana.

“Asubuhi kunanuka. Jioni kunanuka. Nyumba inanuka, blanketi inanuka. Hata mimi nikienda kanisani nanuka, watu wanageuka.”

Walicheka. Walicheka mpaka mtu mmoja akaanguka kwenye jiwe lake. Mama Fides naye alitabasamu kwanza, alidhani wamefurahi naye, na alikuwa amesimama pale kunitetea kwa nguvu zake zote, na nguvu zake zilikuwa zimekwisha kwa hotuba ile. Kisha tabasamu likamtoka taratibu. Akatazama huku na huku akitafuta amekosea wapi.

Mzee Yesaya hakuchelewa. “Mwenyekiti, umesikia. Si mimi tena. Ni mama mkwe wake.”

Kasiani alikuwa amehamia nyuma yangu. Alinifinya bega. “Waambie alitaka kusema kunanukia,” alininong'oneza. “Waambie, yaishe.”

Ilikuwa rahisi kweli. Herufi moja tu, nisimame nicheke kidogo na mimi, niseme jamani mumsamehe mama, Kiswahili kimemshinda, alimaanisha hivi. Ningejiokoa nusu. Lakini mama yule alikuwa bado amesimama, hajui akae au asikae, mikono imeshikana mbele. Nimsahihishe kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya watu waliomcheka? Mkwe wangu, aliyenipa ardhi? Ng'o.

Nilisimama. “Mama amesema kweli,” nilisema. “Kwangu kunanuka.”

Kicheko kikakatika.

“Kaa, mama, umemaliza vizuri,” nilimwambia, akakaa. Nilikuwa nimekuja na jani moja nimelikunja mfukoni, sikuwa na mpango nalo. Nikalitoa. “Hili hapa ndilo mnaloliogopa. Kidukari akitua hapa akauma, kwake linanuka, anakimbia. Mbu kwake linanuka, anakimbia. Nyuki kwake linanukia, anasema hapa ni kwetu. Violet wa Nakonde kwake ni sabuni. Ninyi wenyewe mwaka jana mlipokuwa na mafua mlikuja kuniomba la kutia kwenye chai, wewe, na wewe, na wewe Mama Gwakisa usiangalie pembeni. Jani ni hili hili. Halina kunuka wala kunukia, lina mafuta yake. Kunuka na kunukia mnakuja nako ninyi, kwenye pua zenu.”

“Maneno mengi,” alisema Mzee Yesaya.

“Bado moja, Baba Kefa. Hili jani halijawahi kumfuata mtu. Likiwa limesimama zake halina harufu yoyote, nendeni mkanuse. Linatoa harufu likiumizwa. Kama hamtaki linuke, liacheni.”

Nilidhani nimeshinda. Nikakaa. Lakini mkutano si mahali pa kushinda kwa kusema vizuri, na Raphaeli ni mtu wa amani. Alinong'onezana na wazee, akakohoa, akasema mtaa umesikia pande zote, na ili watu wasigawanyike, mchaichai ung'olewe kabla ya Jumapili.

“Mimi sing'oi,” nilisema.

“Mama Lucky.”

“Sing'oi, mwenyekiti. Sijakataza mtaa kuung'oa. Mimi ndiye sing'oi. Anayetaka aje na jembe lake.”

Tulirudi nyumbani tukipita pembeni ya malori, mimi na Mama Fides, Kasiani mbele akitembea haraka kama asiyetujua. Alikuwa kimya njia nzima, yule mama, ambaye huwa hanyamazi hata akisali. Tulipofika kwenye kona yetu akaniuliza, “Nilisema vibaya?”

“Hapana, mama.”

“Walicheka.”

“Walicheka kwa sababu hawajakaa pale.”

Akafikiri. “Lakini inanuka vizuri.”

“Inanuka vizuri sana, mama.”

Nilimshika mkono kuvuka mtaro, kitu ambacho huwa hataki, na siku ile alikubali. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu.

Ijumaa mvua ya kwanza ikanyesha. Jumamosi asubuhi ardhi ilikuwa laini, na Mzee Yesaya akaja na jembe lake, pamoja na Kefa, mwanawe, mtu mzima mwenye mabega, naye na jembe lake. Raphaeli alisimama mpakani kuangalia utaratibu. Niliwasalimia wote. Nikatoa vigoda viwili, changu na cha Mama Fides, tukakaa mbele ya mlango wa nyuma. Kasiani nilimsikia barabarani akigonga chuma. Aligonga kwa nguvu kuliko tairi lolote linavyohitaji.

“Anzeni,” nilisema. “Mimi natazama.”

Wakaanza. Mchaichai si mchicha. Shina moja la miaka kadhaa limeshika udongo kwa mizizi elfu, unapiga jembe linarudi, unapiga tena. Ukiinama kuuvuta, makali ya majani yanakuchana mikono yote mpaka kwenye viwiko. Kefa alitukana kwa sauti ya chini. Wakawa wanakanyaga majani, wanayakata, wanayaburuta kwenye tope, na kila walipopiga vijumba vikapasuka kwa maelfu, na harufu ikatoka.

Sijawahi kuisikia namna ile, hata siku za kupika. Ilijaa uani, ikapita juu ya nyumba. Mama Fides alifumba macho akavuta pumzi. Upande wa barabara nikasikia milango ya malori inafunguliwa. Dereva mmoja, Mzambia, akapiga kelele kumuuliza Kasiani kinachopikwa ni nini na kinauzwa wapi. Wanawake walianza kutokeza nyumba moja moja, wengine na watoto, wengine na miiko ya ugali mkononi. Walikuwa wamekuja kuona naaibishwa, lakini niliona kila mmoja akifika kwenye ua anasimama, anainua pua.

Kisha nyuki wakaanza kutoka kwenye pipa.

Si kwa hasira. Wachache tu, kisha wachache zaidi, wakazunguka wakichunguza, wakaanza kutua kwenye mikono ya Mzee Yesaya. Kefa alitupa jembe akaruka ua wa michongoma, na najua michongoma ilimfanyia nini. Mzee Yesaya hakukimbia. Mfugaji hakimbii. Alisimama tuli, mikono imechanika na kulowa utomvu wa majani, nyuki wanatembea juu ya damu na mafuta yale, wanainua makalio, wanapiga mabawa. Aliwaangalia kwa muda mrefu. Halafu taratibu, asiwashtue, akainua kiganja akakisogeza puani.

Nilimwona uso wake ukibadilika.

“Hii harufu,” alisema.

“Ndiyo, Baba Kefa.”

“Iko mlangoni kwa mzinga. Siku wanapohamia.” Akanusa tena. “Mimi siku zote nilidhani ni nta mpya.”

Sikumjibu. Kuna wakati hata mimi najua kunyamaza.

Alipunga mkono polepole mpaka nyuki wakaondoka wenyewe. Akaegemeza jembe kwenye ua. Hakuniomba radhi, na wala sikutegemea, mtu hafiki umri ule kwa kuomba radhi. Alisema tu, “Nyuki ni wangu lakini.”

“Ni wako. Wachukue, wakikubali.”

Alilitazama pipa, akatazama mizinga yake, akaguna.

Raphaeli akapata nafasi. “Basi hapa tuseme, imekwisha? Imeng'olewa kiasi gani?”

Ilikuwa imeng'olewa mistari yote ya upande wa Mzee Yesaya. Mashina yamelala chali kwenye tope, mizizi juu. Kasiani alikuwa ametokea kwenye kona ya nyumba, nyundo ya tairi bado mkononi, akaona yale mashina, akaniona mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechelewa kufika mahali.

Niliinuka kwenye kigoda. Nikaingia ndani, nikatoka na panga, na Raphaeli akarudi nyuma hatua kadhaa. Maskini, alidhani ni la kwake. Nikachuchumaa, nikaweka shina la kwanza juu ya jiwe, nikalipasua katikati. Nikapasua nusu, na nusu ya nusu, mpaka nikabaki na vishina vidogo kila kimoja na mizizi yake, nikavipunguza majani, nikavipanga pembeni. Nikachukua shina la pili.

“Mama Lucky,” aliuliza Raphaeli, “sasa unafanya nini?”

“Nagawanya mbegu.”

“Mbegu?”

“Mchaichai haupandwi kwa punje, mwenyekiti. Unapandwa kwa kung'olewa na kugawanywa, mvua ikianza. Ni kazi ngumu sana, mgongo wangu haukuwa unaitaka. Nawashukuru.”

Mama Gwakisa, yule yule, alicheka wa kwanza, na safari hii hakuna aliyekuwa anachekwa ila mtaa wenyewe. Raphaeli alifungua mdomo kusema tulikubaliana, akaona mlalamikaji mwenyewe ameshaweka jembe, akaufunga.

Kasiani aliweka nyundo chini. Alikuja akachukua jembe la Mzee Yesaya kutoka kwenye ua, akaanza kuchimba mashimo kufuata michongoma yote, mstari mmoja mrefu, akafika kwenye kona ya nyumba, akageuka nao kuelekea barabarani, mpaka mbele ya banda lake la tairi, mahali ambapo foleni inapita. Nami nikamfuata nyuma nikipanda. Mama Gwakisa akaomba vichache. Na mmoja wa wale waliosogeza watoto wao Jumatano, akaomba naye, bila kuniangalia. Nikampa.

Mama Fides alibaki kwenye kigoda chake. Aliokota jani lililokanyagwa, akalisugua katikati ya viganja, akazika pua humo. Kisha akainua kichwa na kupaza sauti juu ya ua, kwa Kiswahili, watu wote wasikie.

“Baba Kefa! Huko kwako kunanuka?”

Mzee Yesaya alikuwa ameshavuka, yuko chini ya mizinga yake, anaosha mikono kwenye ndoo. Nilimwona kupitia michongoma akikileta kiganja puani, baada ya sabuni na yote.

“Kunanuka, Mama Kasiani,” alijibu. “Kunanuka kweli kweli.”